Manase: mfalme aliyepelekwa Babeli kwa pingu, akarudi kwao

Ukisimama sokoni Gitega au kwenye kituo cha magari cha Muyinga ukaita kwa sauti jina la Manase, si ajabu watu wawili watatu wakageuka. Ni jina la kawaida kwa Warundi, na Wakongo wanaoishi kambini Kinama, huko huko Muyinga, wanalo pia. Wazazi wengi wanaolichagua humfikiria Manase wa kwanza, mtoto wa Yosefu. Ni wachache humfikiria Manase wa pili, mfalme wa Yuda, na ukisoma maisha yake utaelewa kwa nini. Hakuna mzazi anayetaka mtoto wake afanane naye. Hata hivyo, kama wewe ni mtu uliyewahi kuondolewa kwenu kwa nguvu, au unayejiuliza kama siku moja utarudi na utapokelewa vipi, mfalme huyu anakuhusu kuliko wafalme wengi waliosifiwa.

Jina lenyewe lilizaliwa ugenini. Yosefu aliuzwa na ndugu zake, akafika Misri akiwa mtumwa, akafungwa gerezani, baadaye akapata cheo na mke. Alipopata mtoto wa kwanza alimwita Manase, kwa maana kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake na nyumba ya baba yake. Wewe uliyezaa watoto Nduta, Nyarugusu, Mahama au Nakivale unajua uzito wa kuchagua jina mahali kama hapo. Jina kama hilo ni shukrani na ni maumivu pia, maana mtu aliyesahau kweli nyumba ya baba yake hahitaji kumwita mtoto jina la kusahau.

Miaka mingi baadaye mfalme Hezekia wa Yuda na mkewe Hefsiba wakalichukua jina hilo wakampa mtoto wao.

Wataalamu wengi huweka mwanzo wa utawala wa Manase kati ya mwaka 697 na 687 kabla ya Kristo, na kifo chake karibu na 642. Biblia inasema alianza kutawala akiwa na miaka 12, na akakaa kwenye kiti miaka 55. Hakuna mfalme mwingine wa Yuda aliyetawala muda mrefu kama huo, si Daudi wala Sulemani. Tukifuata hesabu ya kwanza, alikuwa mtoto mdogo mwaka 701, wakati jeshi la Ashuru chini ya Senakeribu lilipoingia nchini.

Mji aliokulia ulikuwa umejaa wakimbizi. Ufalme wa kaskazini, wenye makao yake Samaria, ulikuwa umeanguka mwaka 722. Watu wengi walihamishwa na Waashuru, na wengine walikimbilia kusini. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona kwamba katika miaka hiyo Yerusalemu ulipanuka haraka kuelekea kilima cha magharibi. Wameona pia mabaki ya ukuta mkubwa, wenye unene wa karibu mita 7, uliojengwa juu ya nyumba za watu. Nabii Isaya anataja jambo hilo hilo: nyumba zilihesabiwa, na nyingine zikabomolewa ili ukuta uimarishwe. Basi fikiria mji huo. Wageni wamejaa, wenyeji wamebomolewa nyumba, maji yanapitishwa chini ya mwamba katika mfereji wa zaidi ya mita 500, na kila mtu anasubiri vita.

Vita vilipokuja, Senakeribu aliandika katika kumbukumbu zake kwamba aliteka miji 46 yenye ngome na kuchukua watu 200,150. Huenda aliongeza chumvi, kama wafalme wanavyofanya. Lakini mji wa Lakishi uliteketea kweli, na picha zilizochongwa kwenye kuta za jumba lake kule Ninawi, ambazo sasa ziko katika jumba la makumbusho London, zinaonyesha familia zikitoka mjini. Kuna mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mizigo, wanawake na watoto wamekaa juu yake, wanaume wanatembea kwa miguu. Ukiziona hutahitaji mtu wa kukueleza. Yerusalemu wenyewe haukuanguka, lakini sehemu kubwa ya mashamba mazuri ya kusini-magharibi ilitoka mikononi mwa Yuda, na Hezekia alilipa kodi nzito ya fedha na dhahabu.

Hiyo ndiyo nchi aliyoirithi kijana wa miaka 12.

Yale aliyoyafanya

Baba yake alikuwa amevunja mahali pa ibada vilimani na kuamuru watu wote waabudu Yerusalemu. Manase alivijenga upya. Aliweka madhabahu za Baali, akasimamisha sanamu ya Ashera, akaabudu jua, mwezi na nyota. Madhabahu hizo hakuziweka vijijini tu, aliziingiza ndani ya nyua za hekalu lenyewe. Alitafuta wachawi, waaguzi na wenye kuongea na wafu. Na katika bonde la Mwana wa Hinomu, nje kidogo ya ukuta wa mji, aliwapitisha watoto wake mwenyewe motoni.

Unaweza kutafuta sababu za kisiasa, na zipo. Yuda ilikuwa chini ya Ashuru, na mfalme mdogo alihitaji kuonekana mtiifu. Watu wa vijijini walikuwa wamepoteza mahali pao pa kusali, na huenda walifurahi kuvirudisha. Katika miaka hiyo 55 nchi haikupigwa tena kama ilivyopigwa mwaka 701, na kwa mkulima aliyezika ndugu zake Lakishi hilo halikuwa jambo dogo. Mimi naona sababu hizo zinasaidia kueleza madhabahu za nyota. Hazielezi watoto waliochomwa, wala hazielezi damu.

Maana kitabu cha Wafalme wa Pili kinaongeza shitaka moja zito kuliko yote: Manase alimwaga damu isiyo na hatia mpaka Yerusalemu ukajaa toka upande mmoja hadi mwingine. Hakitaji majina ya waliouawa. Mapokeo ya Wayahudi, yaliyopokelewa pia na Wakristo wa kwanza, yanasema Isaya alikuwa mmoja wao, kwamba alikatwa kwa msumeno. Manabii wengine walimwonya, naye hakusikiliza.

Sasa tumtazame kwa macho ya Ashuru. Senakeribu aliuawa na wanawe mwaka 681, na Esarhadoni akachukua nafasi yake. Katika maandishi ya Esarhadoni yaliyochongwa kwenye udongo, jina la Manase mfalme wa Yuda limo katika orodha ya wafalme 22 walioamriwa kupeleka miti na mawe hadi Ninawi kwa ujenzi wa jumba la mfalme. Mwana wa Esarhadoni, Ashurbanipali, naye anamtaja Manase miongoni mwa wafalme waliomletea zawadi na askari alipoivamia Misri karibu na mwaka 667. Kwa hiyo yule aliyetisha watu wake nyumbani alikuwa mbeba miti wa watu wengine huko nje. Warundi wa enzi za ukoloni waliona machifu wa namna hiyo.

Kulabu, pingu na safari

Kisha ikaja siku ambayo utiifu huo haukumsaidia tena. Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 33, inasema makamanda wa Ashuru walimkamata kwa kulabu, wakamfunga kwa pingu za shaba, wakampeleka Babeli. Kulabu hizo si maneno ya kupamba. Kuna jiwe la Esarhadoni lililopatikana Zincirli, kusini mwa Uturuki ya leo, ambapo mfalme huyo amechongwa akiwa ameshika kamba, na kamba hizo zimefungwa kwenye pete zilizopita midomoni mwa mateka wawili walio mbele yake. Wachongaji wamewafanya wadogo kama watoto, hawafiki hata kiunoni mwake.

Kwa nini Babeli na si Ninawi? Wakati huo Babeli ulikuwa chini ya Ashuru. Kati ya mwaka 652 na 648 ndugu yake Ashurbanipali, aliyekuwa akitawala Babeli, aliasi, na watawala wengi wadogo walishukiwa kumuunga mkono. Wataalamu kadhaa hufikiri hapo ndipo Manase aliponaswa. Kama ni hivyo, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 55, si kijana tena.

Safari kutoka Yerusalemu hadi Babeli haikukata jangwa. Ilipanda kaskazini hadi Shamu, ikazunguka, ikashuka kando ya mto Frati, zaidi ya kilomita 1,000. Miaka mingi baadaye Ezra aliitembea kwa kurudi, akatumia miezi minne, naye alikuwa mtu huru mwenye barua ya mfalme mfukoni. Wewe uliyetembea usiku kutoka kwenu hadi mpaka wa Kobero, au uliyevuka Ruvubu na mtoto mgongoni, unajua mtu hufikiri nini njiani. Manase alikuwa na miezi ya kufikiri, na kulabu mwilini.

Huko, kinasema kitabu, katika shida yake alimsihi Mungu wa baba zake, akajinyenyekeza sana, akaomba. Hatuambiwi alisema nini. Karne nyingi baadaye mtu mcha Mungu alitunga Sala ya Manase ili kujaza pengo hilo. Ni fupi, ina aya 15, na Wakristo wa Orthodoksi wanaitumia hadi leo. Wakatoliki hawaihesabu katika Biblia yao, ingawa kwa muda mrefu ilichapishwa mwishoni mwa Biblia ya Kilatini. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati mwenyewe hakuona haja ya maneno. Anasema tu kwamba Mungu aliyasikia maombi yake, akamrudisha Yerusalemu, katika ufalme wake. Hapo ndipo Manase alipojua kwamba Bwana ndiye Mungu.

Angalia mpangilio huo kwa makini, maana wahubiri wengi huupindua. Alijua baada ya kurudishwa. Hakuanza na imani safi, alianza na shida.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo msomaji wa Burundi atalipenda. Kirundi kina neno guhunguka kwa mtu anayerudi kutoka ukimbizini, na kina neno kwihana kwa mtu anayeacha dhambi. Ni maneno mawili, na mambo mawili. Kiebrania kina neno moja, shuv, ambalo kwanza kabisa ni kugeuka na kurudi ulikotoka. Manabii walilitumia kwa mtu anayerudi kijijini kwake na kwa mtu anayerudi kwa Mungu, bila kutenganisha sana. Hata kutubu kwetu, kulikotoka Kiarabu na kunakofahamika vizuri kwa Waislamu wa Muyinga, ni wa ukoo huo huo wa maneno. Na katika habari ya Manase, mwandishi anatumia neno la kujinyenyekeza kwa mfalme, lakini hilo la kurudi analiweka kwa Mungu: Mungu ndiye aliyemrudisha. Nabii Yeremia, katika miaka ya baadaye, analigeuza neno hilo pande zote mbili, akitaka watu warudi na kuahidi kwamba watarudishwa.

Huenda unajiuliza kama kweli Ashuru ingemwachia mfalme aliyefungwa. Ingeweza. Ashurbanipali alimkamata Neko, mtawala wa Sais kule Misri, akamleta Ninawi, kisha akamvika nguo nzuri, akampa magari ya vita na kumrudisha kwao atawale. Mataifa makubwa hufanya hivyo. Mrundi atamkumbuka Mwezi Gisabo: mwaka 1903 Wajerumani walimlazimisha kunyenyekea kule Kiganda, magharibi ya Gitega, wakamtoza ng'ombe 424, na miaka michache tu baadaye wakaona hawawezi kuitawala nchi bila yeye, wakamuunga mkono hadi alipofariki mwaka 1908. Mwezi hakuwa akitubu kitu, alikuwa akitetea nchi yake, kwa hiyo mfano unaishia hapo. Nautaja kukuonyesha tu kwamba mfalme kuvunjwa na kurudishwa na wale wale si hadithi ya ajabu.

Alipofika nyumbani

Manase alirudi mji ule ule alioujaza damu. Waliofiwa walikuwa bado wapo. Madhabahu zake zilikuwa bado zimesimama, na bonde la Hinomu lilikuwa pale pale chini ya ukuta.

Kazi ya kwanza aliyoifanya si ya ibada. Alijenga ukuta wa nje upande wa magharibi wa chemchemi ya Gihoni hadi Lango la Samaki, akauzungusha Ofeli na kuupandisha juu sana, akaweka makamanda katika miji yenye ngome. Baadaye akaondoa miungu ya kigeni na ile sanamu aliyokuwa ameiweka katika nyumba ya Mungu, akabomoa madhabahu zote alizojenga kwenye mlima wa hekalu na mjini, akazitupa nje ya mji. Akatengeneza madhabahu ya Bwana, akatoa juu yake sadaka za amani na za shukrani, akaamuru Yuda wamtumikie Mungu wa Israeli. Watu walitii nusu: waliendelea kutoa sadaka vilimani, ingawa sasa kwa Bwana peke yake.

Napenda kwamba kitabu hakisemi nchi nzima ilibadilika. Miaka mingi mfalme alikuwa amewafundisha njia moja, na amri moja ya uzeeni haikutosha kuifuta. Na wewe ukirudi kwenye kilima chako na kukuta watu bado wanakuita kwa jina la zamani, au bado wanakwepa kupita mbele ya nyumba yenu, utakuwa umekutana na jambo hilo.

Lakini kuna swali ambalo lazima tuliulize, hasa sisi wa nchi hizi. Waliouawa je? Manase alitupa nje mawe ya madhabahu, wala hatuoni popote kwamba alikwenda kwenye nyumba ya mtu aliyemuua. Kwa kipimo cha sheria ya Musa, hilo ni pungufu kubwa. Kitabu cha Walawi, sura ya 6, kinaeleza wazi kwamba aliyenyang'anya au kudhulumu hurudisha mali kamili na kuongeza moja ya tano, na humpa mwenyewe siku ile ile anapoleta sadaka yake. Sadaka haisimami peke yake. Hesabu, sura ya 5, inakwenda mbali zaidi: hata kama aliyedhulumiwa hana ndugu wa kupokea, deni halifi, hulipwa kwa kuhani. Na Ezekieli, aliyekuwa mwenyewe mkimbizi huko Babeli, anaposema mwovu anaweza kuishi akigeuka, anataja kati ya dalili za kugeuka kurudisha rehani na kurudisha alichoiba.

Nadhani hapa ndipo habari ya zamani inapogusa shamba lako. Aliyerudi Gitega au Muyinga kutoka Tanzania na kukuta migomba yake inavunwa na mwingine hakuhitaji mahubiri juu ya moyo uliopondeka, alihitaji mipaka ya shamba. Burundi iliunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006 kwa ajili hiyo hasa, baada ya Mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 kuweka suala la wakimbizi na mali zao katika itifaki yake ya nne. Kesi nyingi zilikuwa ngumu kwa sababu aliyelima shamba hilo miaka 30 naye mara nyingi alikuwa amepewa na serikali, hakuiba. Abashingantahe kwenye vilima wanazijua kesi hizo, na wanajua pia kwamba kugawana pombe mwishoni kuna maana tu kama mpaka umekwisha kuonyeshwa mbele ya watu.

Damu ni ngumu kuliko shamba. Mwanzoni mwa 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilifukua makaburi ya halaiki mkoani Karuzi, karibu na mto Ruvubu, kati ya Gitega na Muyinga, na ikatangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Miili hiyo ilikuwa imekaa hapo tangu miaka ambayo wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Hakuna wa kulipwa moja ya tano juu yao. Wafalme wa Pili wanajua tatizo hilo, na ndiyo maana kitabu hicho hakitaji kabisa kutubu kwa Manase. Kinataja dhambi zake, kinataja kifo chake, na mwishoni, Yuda inapoanza kuangamizwa na Wababeli, kinasema sababu ni damu ile aliyoimwaga Manase, na kwamba Bwana hakutaka kuisamehe. Yeremia anasema vivyo hivyo, akimtaja kwa jina.

Basi tuna vitabu viwili ndani ya Biblia moja. Kimoja kinamwacha mtu huyu na hatia yake hadi mwisho, kingine kinampeleka Babeli na kumrudisha. Wasomi wamejaribu kuvipatanisha. Wengine wanasema Mambo ya Nyakati yalibuni toba hiyo ili kueleza kwa nini mtu mbaya alitawala miaka 55. Mimi siamini ni rahisi hivyo. Fikiria kwanza vitabu hivi viliandikiwa nani. Wafalme kilimalizika wakati watu wako uhamishoni, wakiuliza wamefikaje huko, na kiliwajibu bila kuwabembeleza. Mambo ya Nyakati kiliandikwa baadaye, baada ya Koreshi wa Uajemi kuteka Babeli mwaka 539 na kuwaruhusu kurudi. Wasomaji wake walikuwa abahungutse, watu walioingia katika nyumba zilizobomoka na mashamba yaliyokaliwa na wengine. Swali lao lilikuwa kama waliorudi wanaweza kuanza tena, wakiwa watoto wa baba wenye hatia. Mfalme aliyepelekwa Babeli kwa pingu na kurudi kujenga ukuta alikuwa habari yao wenyewe. Na wale waliokusanya vitabu hawakufuta kimoja ili kingine kibaki. Mjane wa Yerusalemu ana kitabu chake, na aliyerudi ana chake.

Walimu wa Kiyahudi waliendelea kubishana. Katika Mishna, iliyokusanywa karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, Manase anatajwa kati ya wafalme watatu wasio na sehemu katika ulimwengu ujao. Rabi Yuda akapinga hapo hapo, akikumbusha kwamba Mungu aliisikia sala yake. Wenzake wakamjibu kwamba alirudishwa kwenye ufalme wake, si kwenye uzima ujao. Mabishano hayo yameachwa kwenye ukurasa jinsi yalivyo.

Manase alikufa akiwa na miaka 67. Hakuzikwa pamoja na wafalme waliomtangulia, alizikwa kwake, katika bustani iliyoitwa ya Uza. Lakini alizikwa Yerusalemu, na kila mtu aliyeacha mzee wake kwenye makaburi ya kambi anajua hilo lina thamani gani.

Mwanawe Amoni alichukua kiti akiwa na miaka 22. Alizitumikia sanamu zile zile, na kitabu kinasema hakujinyenyekeza kama baba yake. Kama alizaliwa karibu na 664, utoto wake wote ulipita mbele ya yule Manase wa kwanza, kabla ya pingu. Baada ya miaka miwili watumishi wake walimuua ndani ya nyumba yake, na watu wa nchi wakamweka mwanawe Yosia, mtoto wa miaka 8, ambaye alikuja kuwa mfalme aliyesifiwa kuliko wote baada ya Daudi. Yosia alikuwa na miaka 6 babu yake alipozikwa bustanini. Kama wanaoweka safari ya Babeli karibu na mwaka 648 wako sahihi, mtoto huyo hakuwahi kumwona Manase mwingine isipokuwa yule mzee aliyerudi.